Pimbi na Chungu cha Siku Tatu

Hapo zamani za kale, mawe yakiwa bado laini, nami nikiyaminya kama ugali, Pimbi aliishi chini ya mwamba na mama yake. Bi kizee hana hata jino moja. Chakula chake uji tu.

Mwaka huo ulezi wao ulinyeshewa, ukaota. Pimbi hakuutupa. Akauanika, akausaga, akautia kwenye uji. Lo! Mtamu! Ndiyo togwa hiyo mnayogombania, nyie wenye kamasi.

Chungu kimoja akakisahau siku tatu. Akakikuta kinachemka bila moto: bwi, bwi, bwi! Akalamba tone moja, akaimba nyimbo mia tisa.

Kesho yake asubuhi, gudu! gudu! Nyati huyo, pembe zake pana kama mto.

"Wee Pimbi! Kivuli hiki nimekipenda. Hameni leo!"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Mama hawezi kutembea. Nikimbeba juani atanifia njiani."

"Shauri yenu!"

"Haya, tutahama. Ila una kiu. Karibu togwa."

"Onja kwanza! Mwenye chungu ndiye anayeonja, nisije nikalishwa sumu."

Pimbi akachota togwa ya leo, akanywa, akajipangusa mdomo. Kisha akamchotea mgeni kwenye kile chungu cha siku tatu.

"Aaa! Ongeza!"

Vibuyu kumi. Mia. Elfu saba, nilihesabu mwenyewe!

Mara Nyati machozi tiririri. "Mama yangu alikufa kiangazi... mimi niko mbali, napigania majani." Akamwangukia bi kizee magotini, pu! "Mama! Niitikie japo mara moja!"

Bi kizee akamwekea kiganja kwenye paji. "Naam, mwanangu. Lala."

Khoroo! Akakoroma mpaka adhuhuri, milima ikasogea.

Akaamka kichwa kinamgonga. "Mbona bado mpo?"

"Kaka, ulimwita mama, naye akakuita mwanangu. Sasa unamfukuza mama yako?"

Nyati akanusa kibuyu. "Ulinitilia nini, wee kibete?"

"Ulezi tu, kaka. Ila huo ulezi umelala chunguni siku tatu."

"Mjanja mkubwa!" Akataka kukasirika, hasira ikagoma. Akaenda kusimama upande wa jua, mwili wake wote ukawa ukuta.

"Mama," akasema polepole, "hapo jua halikufikii?"

Haya, funzo ndilo hili: anayekuzidi nguvu, mguse moyo.