Moto wa Mbugani na Chakula Chake

— Ngano inabisha hodi!
— Iingie!
— Haiji peke yake.
— Iingie na watu wake wote!

Zamani, zamani sana, ardhi ya mlimani iligawanywa kwa ndugu na ndugu, hata kitinda mimba, jina lake Kighenda, akapata kipande cha kulaza mbuzi mmoja. Akamwambia mkewe, Nakiete, "Tushuke mbugani tukalime. Tukishindwa, tutarudi kuwa vibarua wa kaka zangu."

Wakashuka na jembe na mbegu ya mtama.

Kighenda akalima, jembe likadunda. Mhanga, yule mchimba mashimo, wala si nungunungu, akacheka. "Shemeji, unakuna ngozi tu! Kata nyasi pamoja na mizizi, uzibandue." Akabandua, wakapanda, mtama ukaota.

Wakatafuta miti ya kujengea. Hapakuwa na hata fito. Mchwa akauliza, "Kwani mimi nimejenga kwa mti gani?" Wakapanga yale mabonge ya udongo yenye mizizi waliyoyabandua shambani, moja juu ya jingine, wakapata nyumba.

Kiangazi kikaja, mtama ukakomaa. Kobe akapita mbio, mbio za kobe. "Bwana Kighenda, Moto wa mbugani anakuja! Choma nyasi zinazozunguka shamba kabla hajafika."

"Mwiko!" akasema Kighenda. "Kwetu atoaye moto nje ya nyumba hufukuzwa."

"Hapa atakufukuza nani? Mimi?"

Moshi ukatanda. Kighenda akasimama akiutazama mtama wake, machozi yanamtoka. Nakiete akatwaa kijinga cha moto jikoni, akachoma ukanda wa nyasi kulizunguka shamba na nyumba. Kila miali ilipogeukia mtama, aliipiga kwa ngozi mbichi mpaka ikazimika.

Moto akafika akinguruma. "Nani amekula chakula changu?"

"Mwanao," akajibu Nakiete. "Nimemlea jikoni kwangu."

Moto akatazama huku, majivu. Akatazama kule, majivu. "Mtoto mlafi huyu!" akasema, akapita kando.

"Mke wangu," akasema Kighenda, "umevunja mwiko wa baba zangu."

"Nimeuvunja. Sasa shika kisu, tuvune."

Basi, wenzangu, mwiko ule ulilinda misitu ya mlimani, na huko ulikuwa mwema. Lakini ahamiaye nchi ngeni na awaulize wenyeji kabla ya kushika sheria za kwao.

Ngano imetoka kwangu, imekaa kwenu. Tamu yake gawaneni. Chungu yake niachieni mimi.