Miguu ya Chande na Punda wa Waziri

Sogeeni, wajukuu zangu, niwapeleke zamani. Zamani ile punda walipokuwa wakisalimiwa njiani, nao mawaziri walipokuwa wakifikiri. Siku hizo, katika mji wa Tumbeni, watu wawili walikula njama ya kuiba chungu cha pilau jikoni kwa mfalme. Mbaruku akabeba, Chande akalinda mlango. Mbaruku akatoroka na chungu. Chande akakamatwa, maana alirudi kulamba upawa.

Hakukana. Akafungwa miguu kwenye mkatale, lile gogo lenye matundu, mbele ya baraza la mfalme, mpaka mwezi uandame. Akaona ni haki: pilau ilikuwa tamu. Tena angewahi harusi ya binti yake, Mwanaidi, na baba ndiye wa kumwozesha.

Kila asubuhi wakubwa wakiingia barazani walimwachia viatu awaangalizie. Angekwenda navyo wapi?

Mwezi haujaandama, habari ikaja: Mbaruku kaiba ngoma kijiji cha pili. Waziri, Mwinyi Jongo, mtu aliyependa sheria kuliko chakula, akatamka kwamba waliokula njama pamoja ni mtu mmoja. Chande aongezewe mwezi. Harusi ikaahirishwa. Chande mkataleni, Mbaruku mbioni. Mara Mbaruku kaiba mbuzi wa imamu. Mwezi mwingine. Chande mkataleni, Mbaruku mbioni. Mnacheka? Ngojeni. Mara kaiba punda wa Waziri mwenyewe, na Chande akaongezewa mpaka masika. Bwana harusi akatuma salamu za heshima kwamba mwezi huu ukipita, ataoa kwingine. Siku hiyo Chande alisahau maumivu ya miguu. Moyo ulimuuma zaidi.

Kumbe huko mbioni Mbaruku alimkuta mama yake mfalme anachukuliwa na mto, akamwopoa. Mfalme akamsamehe yote, akaamuru avikwe joho barazani. Chande akauliza kama msamaha huo unamhusu na yeye. Waziri akamjibu kwamba msamaha ni wa mtu binafsi.

Basi joho lilipopitishwa mlangoni, Chande akanyoosha mikono.

"Nivisheni."

"Una wazimu?" akauliza Waziri.

"Sina, bwana. Mimi na Mbaruku si mtu mmoja? Nimemwopoa mama yetu mtukufu, na maji yale yalikuwa baridi."

"Mwongo mkubwa! Mama kaopolewa mtoni, nawe ulikuwa hapa umefungwa."

"Na punda wako alipoibwa, bwana, nilikuwa wapi?"

"Hapa hapa! Si nilikuachia viatu vyangu kwa mkono wangu mwenyewe..."

Mfalme, aliyekuwa akisikia yote, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Ngoma, mbuzi, punda na joho, vyote ni vya Mbaruku," akasema. "Huyu alikula njama ya pilau, na deni la pilau kalimaliza zamani. Mfungueni."

Mwezi haujaisha, Mwanaidi akaozwa na baba yake, aliyekuwa akichechemea kwa fahari. Mbaruku naye akaja na joho lake, akakaa karibu kabisa na chungu cha pilau, akamkonyeza mwenzake. Chande akainuka taratibu, akaenda kukaa ubavuni mwa Waziri, asije akaonekana anazungumza na Mbaruku.

Basi, wajukuu, siku mtakayokalia kiti cha kuhukumu, mpimieni mtu alilotenda na alilokubali litendwe. Ya mwenzake ya kesho, mwacheni mwenzake ayabebe. Kisa nilikipokea hapa, na hapa nakitua, atakayepita akiokote.