Kamba ya Siku ya Mtakatifu Yohana

Kaeni. Kaeni vizuri, mwenye kiherehere atoke nje. Ilikuwa zamani, zamani ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa watu. Milima ilikuwa ile ile, wenye milima ndio waliokuwa wengine. Mpo? Basi itikieni, nisije nikawa nausimulia ukuta!

Ng'ambo ya bahari hii, na ng'ambo ya bahari ya pili yake, iko nchi ya Meksiko. Upande wake wa kaskazini palikuwa na bonde kavu, kavu kabisa, lenye chemchemi moja iliyotoa mto mdogo. Moja, nasema. Hiyo ndiyo iliyowanywesha watu, na kondoo, na mahindi, na pilipili za Bi Eufemia, mjane mwenye maneno machache na macho makali. Chemchemi ilikuwa katika ardhi yake; ikitoka mikononi mwake, watu wote wa bonde wafunge mizigo wahame.

Basi Wamarekani wakaja kutoka mashariki. Wakaja, wakaja, wakaja! Magari ya kukokotwa na ng'ombe, yamefunikwa turubai, yamefuatana mpaka macho yanachoka kuyatazama. Nchi mbili zikapigana vita, Meksiko ikashindwa, mpaka ukasogezwa kusini. Bi Eufemia hakuhama hata hatua moja. Alikuwa pale pale jikoni kwake anakanda unga wa mahindi, akaja mtu akamwambia, "Mama, hapa sasa ni Marekani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Mbona hamkubisha hodi?"

Mnacheka? Chekeni. Yeye hakucheka.

Haukupita muda, akatokea Bwana Pruitt, pande la mtu, na ng'ombe mia tatu nyuma yake. Akasema chemchemi haina mwenyewe. Bi Eufemia akasema inaye. Akaletwa hakimu kutoka mjini, mzee wa Kimarekani mwenye ndevu nyeupe, asiyecheka na mtu. Hakimu akasema, "Hati ya baba yako inasema ardhi yenu inaanza kwenye mwamba mwekundu, inakwenda machweo, kamba mia moja. Kamba yenyewe iko wapi?"

Ipo! Itakosaje? Siku hizo watu wa huko walipima ardhi kwa kamba ya ngozi mbichi, juu ya farasi. Mmoja anasimama na ncha yake, mwenzake anapiga mbio mpaka kamba inyooke, anachomeka mti chini, wa nyuma naye anampita mbio. Hivyo hivyo, mbio kwa mbio, mpaka hesabu itimie. Kamba ya baba yake Bi Eufemia ilikuwa imetundikwa juu ya meko miaka arobaini, imevishwa maua makavu, kila mgeni akiingia anaonyeshwa. Waliiheshimu kupita kiasi, na heshima hiyo nusura iwatie balaani.

Wakapanda farasi watoto wa kaka yake, Librado na Crescencio. Wakapima. Kamba ya kwanza, ya pili, ya kumi, ya hamsini. Ya mia ilipochomekwa, chemchemi ilikuwa bado iko mbele, hatua mia mbili nzima!

Bwana Pruitt akavua kofia akajipepea. "Nilisema mimi."

Kuna mama mmoja akaketi chini mchangani na mtoto mgongoni. Bi Eufemia akaitazama ile kamba. Baba yake alikuwa mwongo? Mtu yule aliyekuwa akirudisha hata sindano aliyoazima?

Akamwambia hakimu, "Bwana mkubwa, nisomee hati tena. Yote. Usiruke hata neno."

Hakimu akasoma. "Imepimwa asubuhi ya Mtakatifu Yohana, watu walipotoka mtoni..."

"Hapo hapo!" Bi Eufemia akapiga makofi. "Ngoja hapo hapo!"

Nyinyi hamjui, nitawaambia. Kwa watu wale, asubuhi ya Mtakatifu Yohana kila kiumbe huingia majini. Wazee, watoto, farasi na tandiko lake, hakuna anayebaki mkavu. Wanasema maji ya siku hiyo yana baraka. Bi Eufemia siku ya kupima alikuwa na miaka tisa, amepakiwa nyuma ya baba yake. Akakumbuka nywele zake zilivyokuwa zikichuruzika, na kamba ikimdondoshea maji mguuni.

Na ngozi ikilowa huwaje? Wewe mwana wa mpiga ngoma, sema! Eeh, hulegea, hurefuka. Ndiyo maana baba yako huipasha ngoma moto kabla ya shughuli. Na wale waliiweka yao juu ya meko miaka arobaini, ikakauka, ikafupika.

Bwana Pruitt akaruka. "Huyu mama anataka kuilowesha ili irefuke!"

"Ndiyo, nataka kuilowesha," akasema Bi Eufemia. "Baba yangu alipima nayo ikiwa imelowa, na hati inasema."

Hakimu akavuta ndevu, akavuta ndevu. "Hati inasema kweli. Lakini mama, kamba hii ni kuukuu. Ikikatika, sitapima mara ya tatu. Unakubali?"

Watoto wangu, kukubali hapo si mchezo! Librado alimshika mkono, "Shangazi, iache." Bi Eufemia akasema, "Nakubali."

Wakaitumbukiza mtoni. Ilipotoka ilikuwa laini, nzito, inanuka kama ng'ombe aliyenyeshewa. Wakaanza. Hakimu mwenyewe juu ya farasi, anahesabu kwa sauti. Kila ilipovutwa ililia, na kila ilipolia Bi Eufemia alifumba macho. Kwenye ya themanini uzi mmoja ukachomoka. Kwenye ya tisini na tano wa pili. Tisini na nane. Tisini na tisa. Crescencio akapiga mbio, akaipita chemchemi, kamba ikanyooka, akachomeka mti kwa nguvu zake zote.

Ko!

Umegonga jiwe. Wakafukua nyasi na tope, na chini wakakuta rundo la mawe, mawe ya mtoni, meupe, yamepangwa na mikono ya mtu. Alama ya baba yake, pale pale, wala si kando hata shubiri moja! Hakimu akashuka, akavua kofia, akasimama kama aliye kanisani. Bi Eufemia akapiga magoti akayagusa, akalia kwa sauti, hakumwonea haya mtu.

Msidhani mabonde mengine yalipona. Wengi hati zao zililiwa na panya, au na mawakili, wakafukuzwa kwao wakiwa kwao. Hilo bonde moja ndilo lililobaki na maji yake.

Na ng'ombe wa Pruitt? Walikuwa wamesimama juani, ndimi nje. Bi Eufemia akafuta macho, akamtazama mwenyewe alivyo juu ya farasi.

"Ng'ombe wako hawana kosa, watakunywa," akasema. "Ila wewe shuka, uombe."

Pande lile la mtu likatazama kulia, likatazama kushoto. Likashuka.

Mwacha asili ni mtumwa, wanasema, na mimi naongeza: usirithi kitu cha mzazi ukakitundika tu ukutani, muulize na alivyokitumia, angali hai. Nimekitua hapa kisa. Anayekipenda akichukue, asiyekipenda nitamrudishia sikio lake aliloniazima.