Bakuli la Sultani na Mlango wa Chande

Hapo zamani, siku ambazo mtu akiwa na neno na mfalme alikwenda kumwambia mwenyewe, palikuwa na mji uitwao Shakadani, na mbali nje ya mji kijiji cha wachemsha chumvi kiitwacho Mavumbini. Huko aliishi Chande, mtu asiye na shamba wala ng'ombe, pamoja na mpwa wake Mize, binti yatima aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nyumba walikuwa nayo, lakini neno nyumba nalisema kwa heshima tu. Masika yalikwisha kuzila kuta, ukabaki mlango na miimo yake, mbao nyepesi zilizotobolewa na mchwa. Hata hivyo Chande kila akitoka aliufunga kwa komeo, na mbuzi wakaingia kwa upande. Watu wakimcheka, naye hucheka nao.

Jambo moja tu halikumchekesha. Mize alikuwa na akili kali, akiandika herufi kwa kaa juu ya kila kigae alichokiokota, na Chande aliogopa kwamba akili ile itazeekea katika moshi wa chumvi.

Basi ikawa Sultani Zubeiri wa Shakadani alijenga chuo kikubwa, akaleta walimu wa nyota, wa tiba na wa hesabu, akatangaza kwa mbiu: "Chuo changu hakina upendeleo. Awe mwana wa tajiri au wa maskini, mke au mume, kipimo ni kimoja. Atakaye kuingia atajaza maji bakuli la shaba mlangoni pa nyumba yake, alichukue kwa mikono yake na miguu yake hadi mbele ya kiti changu, lisipungue. Kwani elimu yataka mtu mtulivu na mvumilivu. Aliyemwaga, haingii."

Watu wakasifu. Bakuli moja kwa wote, haki gani iliyozidi hiyo?

Siku ya kwanza ya mtihani, Suudi, mwana wa Waziri Badawi, alitoka kwao akavuka kichochoro kimoja akafika mbele ya kiti, mtumishi akimshikia mwavuli. Bakuli limejaa. Akaandikwa. Mize alitoka Mavumbini alfajiri. Upepo wa jangwa la chumvi ukampiga, punda wa watu akamkumba, na jua lilipokuwa kichwani akawasili na maji ya kulowesha ulimi. Waziri akachungulia ndani ya bakuli, akanena, "Binti huyu hana utulivu." Mize akarudi akilia njia nzima, na Chande, aliyezoea kufanyia mzaha kila kitu, siku ile akampokea bila mzaha.

Kesho yake akaenda barazani, akainama. "Bwana wangu, udumu. Huyu mtoto ametoka mbali. Kipimo hiki kwake si haki."

Sultani akakunja uso, kwani hakuna neno lililomchoma kama hilo. "Ewe Chande, bakuli si lile lile? Maji si yale yale? Sitabadili hata herufi moja. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Na aje na bakuli limejaa kutoka mlangoni pa nyumba yake, kama wenziwe, au asije tena maisha yake. Nawe ukirudia kusema si haki, utahama nchi hii."

"Hata herufi moja, Bwana wangu?"

"Hata nukta."

"Nimesikia na nimetii," akasema Chande, akaenda zake, na waliomwona njiani wanasema alikuwa akipiga mluzi.

Ijumaa ilipofika, askari wa lango la jumba wakamwona mtu anakuja amejitwika mlango mzima, miimo na kizingiti, na nyuma yake binti mwenye mtungi kichwani na bakuli kwapani.

"We bwana, wapi na mlango?" akauliza askari.

"Nahama."

"Wahamia wapi?"

"Kwa jirani. Nipishe, ndugu yangu, mlango huu una mchwa, na wenyewe wamechoka na safari."

Askari wakaangua kicheko wakampisha. Chande akaingia barazani mbele ya wakuu wote, akasimamisha mlango wake hatua chache tu kutoka kiti cha Sultani, akautia vigingi, akaufunga kwa komeo. Nyuma ya mlango Mize akajaza bakuli kutoka mtungini hadi likawa ukingoni. Chande akafungua. Mize akavuka kizingiti, akatembea taratibu, akaliweka bakuli miguuni pa Sultani, na halikupungua hata tone.

Wakuu wakainama kulitazama bakuli. Kisha Waziri Badawi akaruka. "Huu ni utovu wa adabu! Hii si nyumba, ni mlango mtupu!"

"Bwana Waziri," akajibu Chande kwa upole, "desturi ya Shakadani ni ipi? Mtu akijenga, huanza na nini?"

Hakuna asiyejua. Katika mji ule mlango ndio husimamishwa kwanza, kabla ya jiwe moja la ukuta, na siku hiyo hiyo majirani huja na halua kumwambia mwenyewe, hongera kwa nyumba.

"Na mwaka jana," Chande akaendelea, "si wewe uliyesimamisha mlango katika kiwanja cha yule mjane, Bi Rukia? Alipolia hapa barazani, ukasema penye mlango wako pana nyumba yako, na hukumu ikapita hivyo. Sasa tafadhali nifahamishe mimi mjinga. Ikiwa mlango ni nyumba, Mize ametoka kwake. Ikiwa mlango si nyumba, Bi Rukia arudishiwe kiwanja chake leo. Lolote utakalo, sisi tunalipokea."

Waziri akaketi.

Sultani alikuwa amekwisha kughadhibika, akainuka ili atoke, lakini mlango ulikuwa mbele yake. Alipotaka kuupita kando, Chande akakohoa kidogo. "Bwana wangu, kwetu Mavumbini mbuzi tu ndio wapitao kando. Mtu hupiga hodi."

Wakuu wakauma midomo wasicheke. Sultani akanena, "Chande, umeifuata amri yangu, nami siivunji. Mtoto ameingia. Lakini ameingia kwa hila, si kwa haki!"

"Kweli kabisa, kwa hila," akasema Chande, na sasa uso wake haukuwa na mzaha. "Haki nilikuja kuiomba, ukaniambia nikiitaja tena nitahama. Mimi sikutaka bakuli la Mize lipunguzwe maji, Bwana wangu. Nilitaka ujue lina uzito gani likitoka kwetu."

Maneno yale yakamwingia Sultani kama mwiba. "Basi nitalichukua mimi! Kesho, kutoka Mavumbini. Nikifika limejaa, mtoto atatoka chuoni nawe utahama. Nisipofika nalo limejaa, sema utakalo."

Mize akamshika mjomba wake mkono. "Mjomba, je, akifika?"

"Akifika, mwanangu, tutahama. Mlango tayari tumeshaung'oa."

Lakini moyoni Chande aliogopa, kwani Sultani Zubeiri alikuwa mtu mwenye nguvu na mikono imara.

Alfajiri Sultani akajaza bakuli kule Mavumbini, akamfukuza mshika mwavuli, akaenda. Mwanzo akaenda vizuri sana, hata Chande aliyemfuata nyuma akaanza kuhesabu moyoni watahamia nchi gani. Kisha watu wakaamka. Na watu wamwonapo Sultani wao kwa miguu, nani atapita kimya? Kila mchemsha chumvi akaja mbio. "Shikamoo, Bwana wetu!" Na mfalme asiyeinua mkono kupokea salamu za raia wake ni aibu ya nchi nzima. Akainua mkono mmoja, maji yakaruka. Bibi mmoja akaushika mkono wa pili, akaubusu kwa mapenzi, na bakuli lenyewe likapata busu. Upepo wa chumvi ukainuka. Jua likapanda. Midomo ya Sultani ikakauka, na ndani ya bakuli maji yaliyosalia yakawa yanameremeta, baridi, karibu kabisa na kinywa chake.

Alipofika mjini, wakuu wote walikuwa wamejipanga mbele ya ngazi za chuo. Wakatazama bakuli. Lilikuwa kavu.

"Yamemwagika yote?" akauliza Waziri.

"Nusu yamemwagika," akasema Sultani.

"Na nusu?"

Sultani akamtazama Chande, akamtazama Waziri, akafuta ndevu zake. "Nimeyanywa."

Waziri akafanya haraka kusema, "Haidhuru, Bwana wangu, chuo ni chako, ingia tu upumzike."

"Asiyefika na bakuli lililojaa haingii," akajibu Sultani. "Amri ni yangu. Sina utulivu." Akaketi kwenye ngazi, mavumbi mpaka magotini, akaanza kucheka, akacheka hata wakuu wakathubutu kucheka naye. Kisha akanena, "Andikeni. Tangu leo, atokaye mbali alale kwanza mjini kwa gharama yangu, ale, apumzike, kisha wote waanzie mstari mmoja, hapa langoni. Na bakuli lipelekeni jikoni. Mwalimu awasomeshe wote somo moja, aliyelifahamu aingie, hata akiwa na mikono inayotetemeka. Suudi naye aanze upya pamoja nao. Kiwanja cha Bi Rukia kirudishwe kabla ya adhuhuri. Nawe, Chande, utakaa langoni hapa, na kila kipimo tutakachokiweka utanieleza kinaanzia wapi."

Mize alikuwa amekwisha kuingia darasani. Aliposikia kicheko nje, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akatoka na kata ya maji baridi, akamnywesha Sultani aliyekuwa bado amekaa nje ya chuo chake mwenyewe. Hekaya yao inaishia kwenye ngazi hizo, na anayetaka kujua zaidi na awaulize wao.