Kompyuta Nzima ya Bwana Shamte

Salha, mchapaji wa kadi za harusi mjini Tanga, alinunua kompyuta mpakato dukani kwa Bwana Shamte. Kila alipoanza kuchapa, ilizimika yenyewe, na maharusi walikuwa wanangoja kadi zao. Alipoirudisha, Bwana Shamte hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Kompyuta hii nzima," alisema. "Mbovu ni mikono yako. Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata jibu likawa lilelile. Salha akaenda zake.

Kesho yake alirudi akitabasamu, akaketi kwenye benchi na kompyuta yake mapajani. Punde akaingia bwana mmoja mnene, kanzu yake inanukia udi.

"Nataka kompyuta kama ya huyu dada," alisema. "Nikiipenda, nitachukua na za ofisi nzima."

Bwana Shamte aliruka kitini, akafungua kabati.

"Ya nini kuhangaika?" Salha akasema. "Muuzie hii yangu, nami unipe hiyo ya kabatini. Si umesema ni nzima?"

"Vizuri," mgeni akasema. "Hebu iwashe niione."

Jasho lilimtoka Bwana Shamte. "Aa, hiyo ina kahitilafu kadogo. Dada yangu, chukua hii mpya, na utuwie radhi."

Salha akaichukua, akaaga. Mgeni naye akasema anakwenda kufikiri kwanza.

Walikutana nyuma ya msikiti. Yule bwana alikuwa ameshavua kanzu, anafunga aproni yenye madoa ya damu.

"Haya shemeji," alisema, "ofisi yangu nimeifunga. Niache nirudi buchani, wateja wa maini wananingoja."