Fisi Aliyeporwa Dhambi Yake

Hadithi!
— Njoo!
Njoo na nini?
— Na chumvi!
Na aliyelala?
— Mfinyeni!
Haya mfinyeni, maana leo nina fisi na watawa chini ya paa moja, na mimi sirudii.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu kwa adabu, palikuwa na nyumba ndogo ya ndugu wa Mtakatifu Fransisko. Walivaa kanzu za rangi ya udongo, kiunoni kamba yenye mafundo matatu, na mali yao yote ilikuwa sala, jembe na chungu.

Kati yao walikuwamo marafiki wawili. Ndugu Ponsiano alikuwa mnene, mwoga, na chakula alikipenda kupita kiasi. Ndugu Damasi alikuwa mwembamba, kifua chake kibovu, na sahani yake kila siku iliishia kwa ombaomba wa mlangoni. Walilima pamoja, walisali pamoja, na mmoja akipiga chafya, mwingine ndiye aliyetafuta kitambaa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa jioni ndugu walikusanyika, na kila mmoja alipiga magoti akataja kosa lake mbele ya wenzake. Lake mwenyewe tu. Kutaja la mwenzako ilikuwa mwiko.

Na nje ya ukuta alikaa Fisi, Baba Chonge. Huyo mnamjua, sina haja ya kumsema.

Wiki ya kwanza Fisi akaingia jikoni, akala chungu kizima cha maharage. Ijumaa jioni akajibanza chini ya dirisha, asikie watawa wakimlaani. Mwizi naye hupenda kutajwa.

Ndani, Ponsiano aliwaza: "Maskini Damasi, njaa imemshinda." Damasi naye aliwaza: "Maskini Ponsiano, tumbo limemshinda."

Ponsiano akapiga magoti. "Padre, maharage nimekula mimi."

Damasi akapiga magoti. "Padre, nimekula mimi."

Padre Gaudensi, mkubwa wa nyumba, akakuna kichwa. "Basi osheni vyungu, wote wawili."

Ponsiano akajiambia moyoni, "Si nilijua? Amekiri mwenyewe!" Na Damasi akajiambia vivyo hivyo.

Fisi akaenda nyumbani kifua mbele. "Mke wangu, maharage ya watawa nimeyamaliza mimi!"

Mama Chonge hakuinua hata kichwa. "Nyamaza, Baba Chonge. Kunguru amepita hapa, kasema wamekula Ponsiano na Damasi."

Wiki ya pili Fisi akabeba kapu zima la samaki wakavu. Ijumaa jioni akajibanza chini ya dirisha.

"Padre, samaki nimekula mimi."

"Padre, nimekula mimi."

"Basi kuleni sakafuni, wote wawili."

Fisi akaenda nyumbani. "Mke wangu, samaki wa watawa nimewamaliza mimi!"

"Nyamaza, Baba Chonge. Kunguru amepita."

Fisi hakulala vizuri. Wiki ya tatu akafanya jambo kubwa. Akamla mbuzi, mbuzi mwenyewe yule aliyetolewa na wanakijiji kwa ajili ya yatima, ili wale nyama siku ya sikukuu. Kengele ya shingoni akaibeba, akamwonyesha mkewe.

"Umeiokota," alisema Mama Chonge.

Ijumaa ile Padre Gaudensi hakukuna kichwa. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Yatima watakula nini?" aliuliza. "Aliyemla mbuzi ataondoka kesho, peke yake, kwenda nyumba yetu ya mlimani. Na hatarudi."

Jamani, kule mlimani baridi inauma mpaka mifupani, na njia yake ina chui. Ponsiano akawaza: Damasi na kifua kile, baridi itamuua! Damasi naye akawaza: Ponsiano na woga ule, hata panya humpandisha mezani!

"Padre, mbuzi nimekula mimi."

"Padre, nimekula mimi."

"Mbuzi mzima?"

"Mzima, Padre."

"Na pembe?"

"Na pembe, Padre."

"Na kengele?"

Ponsiano akagusa tumbo lake. "Nimeimeza, Padre."

"Usimsikilize, Padre," alisema Damasi. "Huyu meno yake mabovu. Kengele nimeimeza mimi."

"Padre, yeye ana kifua, nipeleke mimi!"

"Padre, chui wakimwona huyu watadhani ni karamu, nipeleke mimi!"

Na hapo wote wawili wakalia, kilio cha kweli, maana kila mmoja aliona kwamba kesho atampoteza mwenzake.

Dirishani, Fisi alishindwa kuvumilia. Wiki tatu anaiba, wiki tatu wanatajwa wengine! Akausukuma mlango, akaingia na kengele mdomoni, akaitupa sakafuni: ngereng'!

"Waongo! Waongo! Waongo! Maharage, mimi! Samaki, mimi! Mbuzi, mimi! Wezi gani hawa, hata mfupa hawajui kuuvunja?"

Ndugu wengine walikuwa wamekwisha kupanda juu ya mabenchi. Padre Gaudensi akabaki palepale. "Hapa," alisema, "anayekiri hupiga magoti."

Fisi hakuwa amewahi kupiga magoti maishani mwake. Badala ya kukunja miguu ya mbele akakunja ya nyuma, mgongo ukateremka, na haujapanda mpaka leo.

Akiwa amepiga magoti vile, akamgeukia Ponsiano. "Wewe, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilidhani ni Damasi."

"Na wewe?"

"Nilidhani ni Ponsiano."

Fisi akawatazama mmoja mmoja. "Kwetu," alisema, "mfupa ukipotea, kila mmoja humtaja mwenzake. Mimi hutajwa hata nikiwa safarini."

Akatoa chozi. Fisi, nawaambia, akatoa chozi.

Padre akampa kitubio: akawinde swala watatu kwa ajili ya yatima, na asionje hata mkia. Hapo ndipo alipolia kweli.

Kisha Padre akawageukia wale wawili. "Nanyi mmenidanganya Ijumaa tatu mbele ya Mungu. Mtakwenda mlimani."

"Nani, Padre?"

"Wote wawili."

Wakajaribu kuhuzunika. Wakashindwa.

Watu wa mlimani waliwaona wakipanda, Damasi kabeba mfuko wa Ponsiano, Ponsiano kabeba mfuko wa Damasi, na kila mmoja analalamika kwamba mwenzake kabeba mzito zaidi. Wakawafuata wajue ni dini gani hiyo ya kugombea mizigo. Wakabaki kusali nao, na haukupita muda kanisa la kule likakosa nafasi ya kukaa.

Na Fisi? Alipeleka swala watatu, mikia yote ipo. Jioni akarudi nyumbani, akamkuta Mama Chonge kashika mchi. Paja lake la nyama alilolificha limeliwa! Pembeni alisimama jirani yao Mbweha, tumbo kama ngoma.

"Nani?" aliuliza Mama Chonge.

Fisi akamtazama Mbweha. Mbweha akatazama chini.

"Mimi," alisema Fisi.

Mchi ukashuka. Na Fisi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akapigwa kwa hiari yake kwa kosa lisilo lake, na moyo wake ukajaa furaha asiyoijua, akacheka. Kila mchi uliposhuka, alicheka. Ndicho kicheko mnachokisikia usiku.

Nanyi wanangu, ukimpata rafiki wa kukubebea aibu yako, mshukuru Mungu, nawe umbebee yake. Ila ulizaneni kwanza nani amekula maharage.

Hadithi yangu imechoka, naiacha ilale. Anayebisha akamuulize Mama Chonge, ila asisimame karibu.