Chumvi Haipigi Hodi

Chumvi haipigi hodi. Ndivyo alivyowajibu Bi Riziki asubuhi, mlipomcheka kwa kuonja maji ya kisima kabla ya kuteka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga wa kale, wajukuu zangu. Nilikuwapo yaliposemwa. Methali hii ilianza hivi.

Bonde la Chwaleni, hapa Pemba, lilikuwa la mpunga tangu enzi za bibi zetu. Upande mmoja kilima, upande wa pili mikoko, na nyuma ya mikoko bahari. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama au ukipevuka, hata yakizidi vipi, yaliishia mikokoni. Kisha dunia ikazidi joto, barafu za nchi za mbali zikawa zinayeyuka na bahari inapanda. Tuliambiwa ni moshi wa viwanda na magari ya ulimwengu. Chwaleni hatukuwa na kiwanda hata kimoja, lakini bahari haikuuliza. Bamvua moja likavuka mikoko, likaingia majarubani, vile vipande vya shamba tulivyozungushia kingo, na mpunga uliokuwa ukichanua ukaungua wote kwa chumvi.

Alikuwapo mtu akiitwa Faki Makame, na dada yake Mize. Majaruba waliyorithi kwa mama yao ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na bahari. Faki akasema tujenge tuta, nasi tukamfuata. Tulibeba mawe na udongo kichwani, wanaume kwa wanawake, mwaka baada ya mwaka. Bamvua likibomoa, tunarudi kuziba. Wengine walichoka wakahamia Unguja. Faki naye alichoka, ila alishazoea uchovu wake kama mtu anavyozoea kilema. Kila maji yalipojaa alikuwa juu ya tuta, akiyatazama.

Mwishowe tuta likasimama. Bamvua kubwa likaja, likapiga mawe, likarudi lilikotoka. Siku ile tulikula pamoja, tukamwombea Faki dua.

Lakini masika nayo yalikuwa yamepungua. Zamani ardhi ilishiba maji ya mvua, na chumvi ikakosa pa kupita. Sasa ardhi ilikuwa na kiu, na bahari ilikuwa jirani.

Mize ndiye aliyeona ncha za majani ya mpunga zikigeuka njano. Akachota maji ya kisima cha shambani, akampelekea kaka yake tutani, alikokuwa akiziba ufa. Tulikuwa naye watu kadhaa. Faki akapiga funda moja, akatema.

"Mize, maji gani haya? Umeyateka baharini?"

"Nimeyateka kisimani kwetu."

"Usinitanie, dada yangu. Bahari hii hapa, na tuta hili hapa. Halijavuja hata tone."

"Sijasema limevuja, kaka. Nenda ukateke mwenyewe."

Faki akaenda. Tulimwona akiinama kisimani, kisha kwenye mfereji, kisha kwenye jaruba la mama yao, kila mahali akichota kwa kiganja na kuonja. Aliporudi aliketi juu ya mawe. Bahari ilikuwa imetulia kabisa, iko mbali, hata mguu wa tuta haijaugusa.

"Imepita chini," akasema. "Miaka yote hii nimeshika zamu mlangoni, kumbe mgeni alishaingia, anakula nasi."

"Tupande kilimani, kaka," Mize akamwambia. "Tulime muhogo wakati bado tuna nguvu."

"Tungoje masika moja tu."

Tukangoja. Masika yakaja mafupi, yakaisha. Mpunga ukatoa makapi matupu, na mwaka uliofuata hata makapi hatukupata. Tukapanda kilimani na majembe yetu, kwenye udongo mwembamba wenye mawe, ambako tupo hadi leo. Tuta bado limesimama kule chini. Halilindi kitu.

Baadaye wakaja watu wa bonde la jirani kumwomba Faki akawafundishe kujenga tuta. Mpunga wao ulikuwa kijani kibichi. Faki alikuwa ameketi mlangoni akimenya muhogo. Akawauliza, "Maji ya visima vyenu mmeyaonja?"

Wakacheka. "Sheikh Faki, bahari kwetu bado iko mbali. Ikija tutaiona."

Faki hakucheka. Alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo: "Hata mimi niliingoja niione. Chumvi haipigi hodi."

Wakaondoka. Waliporudi kwao wakaonja, wakakuta ladha ndogo tu ya chumvi, ya kubishania. Hawakubishana. Msimu uleule wakachimba visima vipya juu kilimani na kupanda muhogo huko, mpunga wa bondeni ukiwa bado unawalisha. Nao ndio walioyachukua maneno ya Faki wakayatembeza kisiwani, mpaka yakawa methali.

Bi Riziki ni binti wa Mize. Kesho msimcheke, nanyi onjeni. Chumvi haipigi hodi.